Usukani Ukitetemeka, Usikimbilie Shokapu



Leo naweka pembeni mbegu na mbolea, naongelea gari. Najua wapo watakaosema, afisa ugani na magari wapi na wapi? Ni kweli mimi siyo fundi, nina stashahada ya kilimo. Lakini kazi yangu ni kuona mkulima anabaki na hela mfukoni baada ya mavuno, na kwa vijana wengi ninaowahudumia huku Dodoma, hela inapotelea barabarani. Mtu anavuna vizuri Chamwino, au anakusanya mahindi Kiteto kupeleka soko la Kibaigwa, halafu theluthi ya faida inaishia gereji kwa tatizo ambalo halijapimwa na mtu yeyote.

Tatizo la leo ni usukani kutetemeka kwenye magari ya zamani ya foo wili. Naongelea Land Cruiser mkonga, Land Rover 110, na zile Hilux za zamani zenye ekseli moja nzima mbele. Wengi mnazo kwa sababu zinabeba, zinapita mbugani masika, na spea zake zinapatikana. Mnaijua hali yenyewe: umetoka barabara ya vumbi, umeingia lami, umefika spidi ya 60 au 70, unakanyaga kishimo au unavuka kiungo cha daraja, mara usukani unaanza kwenda kulia na kushoto wenyewe. Gari zima linatetemeka kama linataka kupasuka. Ukipunguza mwendo sana linatulia, unashusha pumzi, safari inaendelea.

Msimamo wangu ni huu: usinunue shokapu mpya ya stelingi mpaka ujue ni kitu gani kimelegea. Na mpaka ujue, gari hilo lisibebe vibarua juu ya magunia.

Nasema hivi kwa sababu ushauri wa kwanza unaoupata sehemu nyingi ni huo huo, "Badilisha shokapu ya stelingi." Ni rahisi kuifunga, bolti mbili tu, nusu saa gari limetoka. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingi inasaidia. Wiki ya kwanza usukani unakuwa mtulivu, unamsifu fundi. Shokapu mpya ina nguvu ya kutosha kuuzuia mtetemo usionekane, lakini kile kilicholegea bado kimelegea na kinaendelea kulika. Baada ya mwezi au miwili shokapu inachoka, mtetemo unarudi, na safari hii una nguvu zaidi.

Linganisha na shamba. Mahindi yakiwa ya manjano, wapo wanaokimbilia kupulizia busta. Jani linarudisha rangi kidogo, mkulima anafurahi. Lakini kama mizizi imekaa kwenye maji yaliyotuama, busta haijagusa tatizo. Mimi nikija shambani kwako nauliza kwanza: manjano yameanzia jani la chini au la juu? Shamba zima au kwenye bonde tu? Yameanza lini? Ukishajibu hayo nakwambia cha kununua. Kwenye gari fanya hivyo hivyo.

Kwa nini linatetemeka

Angalia kitanda cha hospitali chenye magurudumu madogo. Ukikisukuma polepole kinaenda sawa. Ukikimbia nacho, kuna gurudumu moja litaanza kuyumba kushoto na kulia kwa fujo. Gurudumu linazunguka kwenye pini, pini imelegea, na kila likirudi katikati linapitiliza upande wa pili.

Magari yetu haya mbele yana ekseli moja nzima, na kila tairi linageukia kwenye kingi pini yake. Matairi mawili yameunganishwa na fimbo ya tairodi. Kila kitu kikiwa kimebana, tairi likigonga shimo mshtuko unaishia hapo. Kukiwa na nafasi kidogo kwenye kingi pini, kidogo kwenye tairodi endi, kidogo kwenye bushi, zile nafasi zinajumlishana. Tairi moja linavuta jingine, jingine linarudisha, na mwendo wa gari wenyewe ndio unaoupa mtetemo nguvu. Ndiyo maana mara nyingi chanzo hakiwi kimoja. Unaweza kukuta vitu vitatu vibovu nusu nusu, na kila kimoja ukikitazama peke yake unasema "hiki bado kinafaa."

Anza na maelezo, spana baadaye

Kabla ya kwenda gereji, andika kwenye daftari. Mtetemo unaanza spidi gani? Unaanza wenyewe au baada ya kugonga shimo? Unatokea ukikanyaga breki tu? Ukiongeza mwendo unaisha au unazidi?

Majibu haya yana thamani. Mtetemo mdogo unaokuja kwenye spidi fulani na kuisha ukiipita, mara nyingi ni tairi au rimu. Unaotokea ukifunga breki tu, waangalie diski au ngoma za breki. Ule mkali unaolipuka baada ya shimo na hauishi mpaka upunguze sana mwendo, huo ni ulegevu kwenye stelingi au ekseli, hata kama tairi ndilo lililouchokoza. Fundi mzuri akiyasikia haya anajua aanzie wapi. Fundi asiyetaka kuyasikia, mtafakari.

Hatua ya kwanza: matairi, kwa gharama ya sabuni

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya magari havilisemi sana, nalo ni udongo wa mbuga. Ukipita Bahi au bonde lolote la mfinyanzi mweusi wakati wa mvua, tope linajaa ndani ya rimu, upande usiouona. Likikauka linakuwa kama saruji, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Gari lililokuwa zima jana, leo linatetemeka. Kwa hiyo kabla ya yote, ingia chini uoshe rimu kwa ndani.

Halafu pima upepo asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, na ufuate kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au kibandiko cha mlangoni. Angalia matairi ya mbele yote mawili kama ni saizi moja na hali moja. Pitisha kiganja juu ya tairi kutafuta uvimbe. Miiba ya migunga huku inatoboa sana, na tairi lenye viraka vingi vikubwa linaweza kuwa zito upande mmoja. Kaza nati zote za rimu.

Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama: hamishia matairi ya mbele nyuma, ya nyuma yaje mbele. Endesha barabara ile ile, spidi ile ile. Mtetemo ukihama au ukipungua sana, umepata sehemu ya jibu, nenda ukafanye balansi. Usipobadilika, okoa hela ya matairi mapya uliyotaka kununua.

Hatua ya pili: jeki, magogo na mikono yako

Zuia matairi ya nyuma kwa mawe, inua mbele, weka ekseli juu ya stendi au magogo imara. Usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Hapo sina mjadala.

Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta kwa nguvu. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ashikilie, kisha sukuma tena. Ule mchezo ukipotea wakati breki imekamata, beringi za habu zimelegea. Ukibaki vile vile, kingi pini ndiyo yenye shida. Jaribio hili la dakika mbili ndilo linalotenganisha kazi ndogo ya kukaza beringi na kazi kubwa ya kufungua kichwa cha ekseli, na bado utakuta magari yanafunguliwa bila hata kulifanya.

Sasa shika tairi kushoto na kulia, tikisa. Mwenzako aangalie tairodi endi zote. Kama kichwa cha tairodi kinasogea kabla fimbo haijasogea, kimekwisha.

Kwenye mkonga, angalia pia kile kichwa cha mviringo nyuma ya tairi. Ukiona supu nyeusi inavuja, grisi imechanganyika na oili ya difu, ujue sili imekwisha. Vumbi na maji ya mbugani huingia mle mle, na beringi za kingi pini ndizo zinazoumia.

Hatua ya tatu: gari chini, usukani unachezeshwa

Shusha gari, matairi yakanyage ardhi. Handibreki juu, gia huru, mawe kwenye matairi. Kama stelingi ni ya pawa, washa injini. Mwenzako achezeshe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, wewe ukiangalia kutoka pembeni. Usilale mbele ya tairi.

Fuata njia ya nguvu kutoka juu kwenda chini: stelingi boksi, mkono unaotoka kwenye boksi, dragi linki, tairodi. Kwenye kila kiungo weka kidole, nusu upande huu na nusu upande ule. Upande mmoja ukisogea kabla ya mwingine, umeukuta ulegevu. Angalia na boksi yenyewe, bolti zake kwenye chesisi zimekaza? Chesisi pale ina ufa? Kwa magari yaliyopigwa na barabara zetu miaka 25 au 30, ufa siyo jambo la ajabu.

Hapa inabidi ulijue gari lako. Land Cruiser za 70 zilianza kutoka mwaka 1984, na pickup zake zilikuwa na springi bapa mbele mpaka mwaka 1999, zilipokuja zenye koili mbele. Ukiwa na ile ya springi bapa, kagua bushi za springi na yubolti zinazobana ekseli. Ukiwa na ya koili, au Land Rover 110 ambayo ina koili tangu ilipotoka mwaka 1983, itafute fimbo inayotoka kwenye chesisi upande mmoja kwenda kwenye ekseli upande wa pili. Inaitwa panadi rodi. Kazi yake ni kuzuia ekseli isiende kando. Bushi zake zikiisha, ukigeuza usukani utaona bodi inasogea kando kabla matairi hayajageuka. Mtetemo mwingi mkali kwenye magari ya koili unaanzia hapo, na bushi ni kitu kidogo tu. Zile bushi za kuchonga kutoka kwenye tairi kuukuu mimi pale sizikubali. Zinabonyea, na unarudi ulikotoka.

Hatua ya nne: kingi pini na mizani ya shambani

Kingi pini haitakiwi izunguke huru kama mlango wenye mafuta. Inatakiwa iwe na ukinzani kidogo, na ukinzani huo unawekwa kwa washa nyembamba, mafundi wanaziita shimu. Beringi zikilika, ukinzani unapotea na tairi linabaki bila kizuizi.

Ukinzani unapimika. Fundi anatenganisha tairodi, anafunga mizani ya springi ya kuning'iniza kwenye mkono wa stelingi, anavuta na kusoma namba pale mkono unapoanza kusogea. Kiwango kipo kwenye kitabu cha ufundi cha gari husika. Wakulima wa zabibu mizani hiyo mnayo, au mnamjua aliye nayo. Nenda nayo gereji. Fundi akikwambia "hii nasikia tu kwa mkono," mpe mizani.

Hatua ya tano: kuinua gari, na mwisho kabisa shokapu

Vijana mnapenda kuinua magari, koili ndefu na matairi makubwa. Naelewa, mbugani inasaidia. Lakini kingi pini imeinamishwa kidogo nyuma kwa juu, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mwinamo huo ndio unaofanya usukani urudi katikati wenyewe. Ukiinua gari la koili bila kurekebisha mwinamo, unaupunguza, na stelingi inakuwa nyepesi isiyo na msimamo. Kama mtetemo ulianza baada ya kuinua, jibu unalo tayari. Rekebisha mwinamo au rudisha gari kimo chake.

Vyote vikishabana, nenda ukafanye alaimenti. Baada ya hapo ndipo uiangalie shokapu ya stelingi. Inavuja? Ukiisukuma kwa mkono inaingia bila ubishi? Badilisha, sasa itafanya kazi yake halali ya kupunguza mishtuko ya barabara.

Kila hatua, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ni utaratibu ule ule wa shamba darasa: ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi kwa pamoja, huwezi kujua kilichokupa mavuno.

"Mimi sina hela ya hayo yote"

Hoja hii naisikia na ninaiheshimu. Msimu umebana, mzigo unasubiri, shokapu ni ya bei nafuu kuliko kufungua ekseli. Kijana mmoja huku Chamwino alinijibu hivyo hivyo. Ndani ya msimu mmoja alinunua shokapu mbili za stelingi na matairi mawili mapya. Lilipokuja kupimwa, beringi za kingi pini upande wa kushoto zilikuwa zimekwisha kabisa, na matairi yale mapya yalikuwa yameshalika mabonde mabonde. Hela ya kazi kubwa ilikuwepo, ila ilitoka vipande vipande na haikununua uzima.

Zingatia kwamba hatua tatu za kwanza zinataka sabuni, jeki na nusu siku yako. Kupima ni bure au karibu na bure. Kinachogharimu ni kukisia.

Wengine wananiambia, "Gari la zamani ndivyo lilivyo." Hapana. Gari la zamani lililobana linakwenda lami bila kutetemeka, hata likiwa na umri kuliko dereva wake. Na historia ya hapa hapa kwetu inaonyesha mashine kuukuu zinavyolipiza zisipotunzwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, spea hazikufika kwa wakati, mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara yake ilihesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwemo, lakini mashine zilizolala zikisubiri matengenezo zilichangia sehemu yake. Wale walikuwa na serikali nyuma yao. Wewe una shamba la ekari kumi na mkopo.

Kwa anayetaka kununua, na kwa anayebeba watu

Ukienda kununua gari la zamani na ukakuta kila kitu chini kimejaa vumbi ila shokapu ya stelingi inang'aa, uliza maswali. Omba ulijaribu lami, mpaka spidi ya 80 kama barabara inaruhusu, na upite kwenye mabaka. Muuzaji akikataa, aghairi na wewe.

Likikukuta barabarani, shika usukani imara ila usipigane nao, dole gumba lisiwe ndani ya mikono ya usukani. Toa mguu kwenye mafuta, punguza taratibu, usifunge breki ghafla. Simama pembeni, kagua nati na tairodi kabla ya kuendelea, na urudi kwa mwendo wa polepole.

Kuhusu watu nitasema waziwazi. Wakati wa mavuno tunaona vibarua wamekaa juu ya magunia, kina mama na vijana. Tairodi endi iliyochezeshwa na mtetemo kila siku mwisho wake ni kuchomoka, na ikichomoka matairi mawili yanaelekea njia tofauti. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari la barabarani liwe zima, lakini hata trafiki asipokuwepo, mzigo huo ni wako. Mahindi yakimwagika tunayakusanya. Wale waliokaa juu yake wametoka kwao asubuhi wakiamini wewe umeshalikagua gari.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla mvua hazijaanza na gereji hazijajaa, osha rimu, inua gari, shika tairi juu na chini. Andika unachokiona, halafu ndipo umpigie fundi.

Wiki ijayo tunarudi shambani, tutaongelea kupogoa zabibu. Kila la heri.